Mara Tatu Nilifuta Ushahidi

Mimi ni fundi magari eneo la Gerezani, jirani na soko la Kariakoo, tangu mwaka 1994. Haya sijawahi kuyasema nje ya gereji yetu. Nayaandika kwa sababu huenda yuko fundi mwenzangu, au mwenye gari, aliyekwama pale nilipokwama mimi.

Nilijifunza kazi kwenye magari ya kabureta: Peugeot 504, Datsun, Corolla za zamani. Kabureta unaizungusha skrubu, unasikia sailensi inatulia, umemaliza. Magari ya EFI, yenye kompyuta, yalipojaa mjini kutoka Japani, mimi sikurudi kujifunza. Niliona aibu. Vijana wa pale gereji walikuwa wananiamkia shikamoo, sasa nitamuuliza nani kati yao waya huu unakwenda wapi? Nikajitafutia njia yangu. Gari likija linaumwa, nabadilisha kitu ninachokishuku. Likirudi, nabadilisha kingine. Maduka ya spea yako hatua chache tu, mpya na za mtumba, na anayelipa ni mteja. Kwa miaka mingi niliamini huo ndio ufundi.

Desemba 2017 akaja mzee mmoja dereva teksi, na Corolla 110 yenye injini ya 5A. "Fundi, gari inazima." Akanieleza vizuri kabisa: asubuhi haina neno. Mchana, jua likiwa kali na foleni ya Msimbazi haisogei, inaanza kumisi, inakosa nguvu, halafu inazima. Ukiiacha nusu saa, inawaka. Wakati anasema hayo mimi nilishafungua bonneti na kutoa kichwa cha betri. Nikamjibu, "Plagi hizo, mzee."

Tukabadilisha plagi na waya zake. Baada ya wiki moja likamzimia mtaa wa pili kutoka kwetu, nikamfuata kwa miguu. Nikamwambia apige starta, nikatega sikio kwenye tangi. Pampu kimya. "Pampu imekufa." Akanunua pampu. Januari likazima tena, nikachomoa waya wa plagi kuangalia moto, hakuna. "Koili." Akanunua koili. Kila safari lilipopoa liliwaka, nami nikahesabu kwamba nimelitengeneza mimi.

Februari akarudi. Hakupandisha sauti. "Fundi, pesa ya ile koili nilikopa. Tajiri sijampelekea hesabu siku ya nne leo. Lakini nikienda kwa mwingine naanza upya. Nakuachia." Akaweka ufunguo kwenye benchi, akaondoka kutafuta daladala.

Alikuwa na kila sababu ya kunitukana. Nilikaa na ule ufunguo mpaka magharibi, na kwa mara ya kwanza nikakiri moyoni kwamba sijui gari hili lina nini, na sikuwahi kujua.

Asubuhi nikamfuata kijana fundi umeme wa kibanda cha jirani, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Nikamwambia, "Nimeshindwa. Naomba unifundishe." Nilijiandaa kuchekwa. Yeye akachukua mita yake, akanyanyuka.

Tulipofungua bonneti, mkono wangu ukaenda kwenye betri kwa mazoea. Akaushika. "Mzee, usitoe. Utafuta."

Akanieleza. Kompyuta ya gari, ile tunayoiita kontroboksi, ikiona kasoro inaiandika kama namba, na kumbukumbu hiyo inaishi kwa umeme wa betri. Ukitoa betri, au fyuzi ya EFI, imefutika. Mara tatu gari lile lilifika mikononi mwangu na habari zake, na mara tatu nikazifuta kabla ya kuanza kazi. Mzee naye nilimfanyia vilevile: alikuwa ameniambia kila kitu siku ya kwanza.

Kijana akafungua kile kiboksi cha plastiki chenye kifuniko, pale kwenye injini, akaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, akawasha swichi bila kupiga starta. Taa ya injini kwenye dashibodi ikapepesa mara moja, ikatulia kidogo, ikapepesa mara tatu. Kumi na tatu: kontroboksi imepoteza habari ya mzunguko wa injini, ile inayotoka kwenye distribyuta.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kontroboksi isipopata habari kwamba injini inazunguka, inazima pampu, ili gari likipata ajali petroli isiendelee kusukumwa. Inaacha pia kufungua nozeli na kutoa moto wa plagi. Pampu niliyoitupa ilikuwa nzima. Koili nayo nzima. Zilikuwa zimenyamaza kwa sababu zimeamriwa kunyamaza.

Nikasema, basi nikanunue distribyuta. Akatikisa kichwa. "Mzee, namba haijasema nunua. Imesema angalia njia hii." Akapima kutokea soketi ya kontroboksi, chini ya dashibodi: ohm 400 na kidogo, sawasawa. Gari lilikuwa la baridi. Akasema tuliwashe, tuwashe na AC, tusubiri lizime lenyewe.

Kusubiri kule kulinishinda zaidi ya kazi yoyote niliyowahi kufanya. Saa nzima na zaidi nimekaa kwenye tairi, mikono inataka spana. Likaanza kumisi. Likazima. Akapima haraka: mita haisomi kitu. Njia imekatika.

Akanipa mimi nitafute. Nikazishika waya za distribyuta moja moja, nikivuta taratibu. Zote zilikuwa ngumu, isipokuwa moja, karibu kabisa na soketi, ikavutika kama mpira wa manati. Ganda lilikuwa zima. Nilipolichana, shaba ndani imekatika, ncha zimeota ukijani. Zikiwa za baridi zinagusana. Joto likipanda zinaachana.

Tukalehemu kipande cha waya cha shilingi 1,000.

Nilimpelekea mzee ufunguo kituoni kwake, pamoja na pesa nilizoweza kukusanya kwa ajili ya pampu na koili. Nikamwambia ukweli wote, hata habari ya betri. Alizihesabu zile pesa, akachukua nusu, nusu akanirudishia. "Hii umpe huyo kijana." Namshukuru Mungu kwa ajili ya mzee yule.

Ikafika Machi, joto bado, gari halikuzima. Siku moja akaja na dereva mwenzake ambaye gari lake linamisi likipanda daraja. Akamwambia mbele yangu, "Kaa hapa umweleze yote, usimfiche. Huyu anasikiliza."

Nikashindwa kumwangalia usoni. Nikavuta stuli, nikamkaribisha mgeni, nikamuuliza lilianza lini.