Mgeni na Jembe

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii aghalabu hutumiwa kumwondoa mgeni kwa adabu: mwenye nyumba aliyechoka huitaja, na mgeni mwenye masikio hufunga mzigo wake. Kwa miaka kadhaa nami niliifundisha kwa maana hiyo. Maana yake ya pili nilifundishwa na mtu asiyejua hata neno moja la Kiswahili. Somo lenyewe lilianza nilipokuwa mtoto Kariakoo, likakamilika nilipokuwa mama wa watoto wawili katika mji wa Pune, Bara Hindi. Kwa hiyo namwomba msomaji anivumilie nikianzia nyumbani.

Nilizaliwa Mtaa wa Mchikichi, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati, baraza mbele na ua nyuma. Kariakoo, kama ijulikanavyo, ilipata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, ambao walipiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Serikali ya kikoloni iliitenga iwe makao ya Waafrika, Wahindi ikawaweka upande wa pili, na katikati ikaacha uwanja wa Mnazi Mmoja uwe mpaka. Lakini biashara haina subira na mipaka. Wahindi wengine walivuka uwanja ule wakafungua maduka katika mitaa yetu, wakaishi nyuma ya maduka hayo au juu yake. Pembeni mwa nyumba yetu lilikuwako duka moja la namna hiyo. Mwenye duka alilirithi kwa baba yake, na babu yangu alinunua sukari kwa huyo baba kabla mama yangu hajazaliwa.

Mzee yule alimwuzia bibi yangu mafuta ya taa kwa chupa na unga kwa kibaba, na mwisho wa mwezi ulipokuwa mbali aliandika deni katika daftari lake lenye jalada jekundu. Alijua majina ya watoto wote wa mtaa. Babu alipofariki, alikuja akaketi jamvini pamoja na wazee wengine. Hata hivyo alikuwa Mhindi tu, na sisi watoto tulimwigiza Kiswahili chake. Alizoea kusema "mtoto yangu" na "duka changu". Na mimi, ambaye baadaye ningelipwa mshahara kwa kufundisha ngeli, nilikuwa hodari wa kumwigiza kupita wote. Watu wazima walicheka, wala hakuna aliyenikanya. Katika miaka yote hiyo sikupata kuvuka meza ya duka lake kuingia ndani, wala mkewe hakupata kuvuka baraza yetu.

Katika mwaka wa 1993 walifunga duka wakahama. Nilikuwa na umri wa miaka 12. Nilimkuta mama wa yule mzee ameketi juu ya sanduku, akingoja gari. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba." Kisha nikamwuliza, "Mnarudi kwenu?" Akanitazama kitambo, akasema, "Mwanangu, mimi nimezaliwa mtaa huu." Niliona kuwa hakujibu swali langu, nikaenda zangu kucheza.

Katika mwaka wa 2010 nilikwenda Pune kusoma shahada ya uzamivu ya isimu katika Deccan College, chuo kilichoanzishwa katika mwaka wa 1821. Nilifuatana na mume wangu, binti yetu wa miaka saba na mwanetu wa kiume wa miaka mitatu. Tulikaa miaka minne.

Jambo la kwanza lililotupata ni nyumba. Kwa simu nyumba zilikuwa tupu. Tukifika mlangoni zilikuwa zimekwisha kupata watu. Baadhi ya wenye nyumba walituambia waziwazi kuwa hawapangishi walaji nyama. Wengine walitutazama nyuso, wakatazama saa zao, wakasema wana safari. Dalali wetu, kijana mpole, alianza kuona haya kwa niaba yao. Mwisho tulipokewa na bibi mmoja mjane, mwalimu mstaafu, aliyetupangisha ghorofa ya juu ya nyumba yake kwa mkataba wa miezi 11, kama ilivyo desturi ya huko. Watoto walimwita Aji, yaani "bibi" kwa Kimarathi, nami nikafuata ulimi wa watoto, kama mama wa kwetu afanyavyo.

Maisha ya kila siku yalikuwa na utaratibu wake, nao tukauzoea. Mgeni aliyekusudia kukaa zaidi ya siku 180 alipaswa kujiandikisha kwa polisi katika siku 14 za kwanza, na kila mwaka tulipeleka tena picha zetu, mkataba wetu na barua ya chuo. Alfajiri tulikuta maziwa mlangoni katika vifuko vya plastiki. Mtungi wa gesi wa kilo 14.2 ulipokwisha tuliungoja mwingine kama mkulima angojavyo mvua. Mvua yenyewe ilianza mwezi wa Juni, ikaendelea hata Septemba, na nguo zikakauka kwa rehema tu. Unga wa mahindi tulioupata dukani ulikuwa wa manjano na watoto waliukataa; lakini unga wa mtama, ambao wenyeji hufanyia mkate wao wa kila siku, ulitupatia ugali mwema wa rangi ya majivu. Siku ya kwanza mwanangu alipoona foleni ya vigari vya magurudumu matatu, alipiga kelele za furaha: "Bajaji!" Mwenye kigari alishangaa, kwa kuwa wao husema riksha. Hakujua ya kuwa jina la kiwanda cha mjini kwake limekuwa Dar es Salaam jina la chombo chenyewe.

Yalikuwako na machungu. Njiani tuliulizwa kila siku tumetoka nchi gani, na muulizaji akajibu mwenyewe kabla yetu, akitaja Nigeria. Vijana walitupiga picha bila ya kutuomba. Binti yangu alirudi shuleni na neno aliloitwa, akaniuliza maana yake. Nilimwambia kuwa sijui, na huo ndio uwongo wa pekee niliomwambia kwa makusudi katika miaka ile.

Siku moja nilikwenda soko la Mandai, jengo kuu la karne ya 19 lenye mafungu ya bilingani na mabamia yaliyonikumbusha soko letu, lile lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa katika mwaka wa 1975. Nilitaka kuuliza liliko duka la nazi. Nilikuwa nimejifunza Kihindi kidogo, na katika Kihindi neno dukan ni la jinsia ya kike. Kimarathi kina jinsia tatu, na neno lilo hilo si la kike wala la kiume. Huwekwa katika ile ya tatu. Nikalitaja kwa jinsia ya kike. Watoto wawili wa mwuza mboga wakaangua kicheko, wakanifuata hadi mwisho wa safu wakirudia maneno yangu kwa sauti yangu. Mama yao akacheka pia. Nilisimama katikati ya mafungu ya vitunguu nikasikia, kwa masikio ya miaka 17 nyuma, "duka changu, duka changu", na sauti iliyosema hivyo ilikuwa yangu.

Tangu siku hiyo neno hilo halikunitoka. Wahindi walilipokea kutoka kwa Waajemi na Waarabu, wakalipa jinsia. Sisi tukalipokea na kuliweka katika ngeli ya LI-YA, likazaa maduka. Gari ni vivyo hivyo: kwao ni la kike, kwetu limezaa magari. Laki, bima na dobi yalikuja kwa jahazi lilo hilo. Bepari, ambaye kwa Kigujarati ni mfanyabiashara tu, aliingia kazini kwetu kwa bidii kubwa kupita wote, akazaa ubepari, na katika Azimio la Arusha la mwaka wa 1967 akashtakiwa kwa lugha aliyoisaidia kukua. Hakuna Mswahili anayeyaita maneno hayo mageni. Lugha yetu iliyapa jembe siku ile ile ya tatu. Sisi wenye lugha tuliwanyima jembe wenye maneno.

Jembe langu mimi lilikuja kwa njia nisiyoitazamia. Mama mkwe wangu alituletea fungu la dagaa kutoka Kariakoo kwa mkono wa mwanafunzi mmoja. Jumapili nikalikaanga. Aji alikuwa hali nyama, samaki wala yai, na harufu ya dagaa haihitaji kubisha hodi. Aliposimama mlangoni, nilikwisha kuhesabu masanduku yetu moyoni. Akasema kwa utulivu, "Siku utakayopika kitu hiki, niambie asubuhi. Nitakwenda kwa dada yangu, nirudi jioni." Basi ikawa hivyo kwa miaka yote iliyosalia. Hakujidai kuwa aipenda harufu ile, nami sikujidai kuwa haipo.

Katika mwezi wa Septemba mwaka wa 2011 ilifika sikukuu ya Ganesh, ambayo Tilak aliifanya ya hadhara mjini Pune katika miaka ya 1890. Sisi ni Waislamu. Ibada ile haikuwa yetu, na Aji alilijua hilo. Alinibishia mlango asubuhi, akanipa kifaa chenye kibao chini na meno ya chuma mwishoni, ndugu wa mbuzi yetu ya nazi. "Mikono yangu imezeeka," akasema. "Vyumba vya sala usiingie ukipenda, lakini nazi hizi zitakunwa na nani?" Zilikuwa nazi 20. Niliketi sakafuni jikoni kwake nikakuna, yeye akapika nazi ile kwa sukari guru, ambayo wao huiita gul, akaifunga ndani ya unga wa mchele kufanya maandazi ya mvuke ya majirani. Jirani mmoja aliingia, akauliza kama mgeni amechoka. Aji akamjibu, "Ana kazi. Usimsumbue."

Baadaye tulisafiri zaidi ya kilomita 200 hadi Khuldabad, nikawaonyesha watoto kaburi la Malik Ambar. Mhabeshi huyu aliuzwa utumwani, akafika Deccan, akapanda hata akawa mtawala wa Ahmadnagar kwa niaba ya wafalme wake. Katika mwaka wa 1610 aliujenga mji ulioitwa baadaye Aurangabad, akauchimbia mifereji ya maji, akafariki katika mwaka wa 1626. Mwanangu aliuliza kama alirudi kwao. Nilimwambia, "Kwao ni pale alipochimba maji."

Lakini haifai nijilinganishe kupita kiasi. Sisi tulikuwa na tarehe ya kurudi. Tulipotukanwa, tulihesabu miezi. Bibi aliyeketi juu ya sanduku Mtaa wa Mchikichi hakuwa na tarehe hiyo, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kurudi. Alikuwa akiondoka kwao. Shida yangu ya miaka minne ilikuwa kionjo tu cha mlo alioula maisha yake yote, na miongoni mwa walioupika nilikuwamo mimi.

Tulirudi katika mwaka wa 2014. Wiki ya kwanza binti yangu alitoka kucheza barazani na binamu zake. Kiswahili chake kilikuwa kimepata mwinamo wa Kimarathi, na ngeli zake zilikuwa zimelegea. Hazikupita dakika kumi akarudi analia. Walikuwa wanamwigiza, tena wamempa jina: Mhindi. Nikatoka nje. Watu wazima walikuwako barazani, wanacheka bila ya ubaya wowote, kama wale wa zamani walivyocheka. Niliwakanya watoto mbele yao, kwa sauti kubwa kuliko ilivyonipasa, na shangazi yangu akanishangaa. Sikuweza kumweleza papo hapo ya kuwa nilikuwa nikimkanya mtoto mmoja ambaye hakuwapo.

Duka la pembeni halipo tena. Pamejengwa ghorofa, na chini yake huuzwa nguo za jumla kwa wanunuzi wa kutoka Kongo, Zambia na Malawi. Wapo na wafanyabiashara wapya, Wachina miongoni mwao, na wapo watoto wanaojifunza kuwaigiza. Serikali ina haki ya kusema nani afanye biashara gani. Lakini baraza ni zetu, na lipitalo barazani ni juu yetu wenyewe.

Wajuao ile familia ya dukani hawakubaliani juu ya mahali ilipo. Huyo bibi bila shaka amekwisha kufariki. Laiti ningalimkuta tena juu ya sanduku lake nikiwa na akili niliyo nayo leo, baada ya shikamoo nisingaliuliza swali lolote. Ningalimwambia kuwa gari litachelewa na jua ni kali, na ndani kuna nazi za kukuna. Karibu ndani, bibi.