Siku Tisa Maskati



Tangu masomo yaanze, watu wananisimamisha kila pahali, hata walimu wawili, wakiniuliza: "Doyen, kule Uarabuni uliona nini?" Wadogo wa mwaka wa kwanza wanataka kujua tu kama nilipanda ngamia. Sikupanda. Niliona ngamia watatu, mbali, kwa dirisha ya gari, na wote walikuwa wamelala. Ndugu anayepiga gazeti letu kwa mashini akaniambia: "Andika, utakuwa umejibu wote mara moja." Basi niko naandika. Mutanisamehe kama nitagusa pia jambo moja la bwenini, maana nimeshindwa kulitenganisha na safari.

Mjomba wangu anauza manukato na vitambaa Kinshasa. Macho yake yameanza kupoteza nguvu, na alitafuta kijana wa jamaa wa kumsomea karatasi na kumhesabia feza asiibiwe. Katika vakansi kubwa ya 2024 akanichagua mimi. Nilitoka Kindu kwa ndege mpaka Kinshasa, toka pale tukapita Addis Ababa, na mwisho wa mwezi wa 8, usiku, tukashuka Maskati, mji mkuu wa inchi ya Oman, kando ya bahari.

Watu walituambia: mmefika vizuri, kiangazi kinakaribia kwisha. Kwetu kiangazi ni vumbi na baridi ya asubuhi, kwa hiyo nilikuwa nimebeba pulova! Tulipotoka tu nje ya uwanja wa ndege, miwani ya mjomba ikageuka nyeupe kwa mvuke, akasimama kama kipofu, amenishika mkono. Ilikuwa saa tano ya usiku. Hewa ile, fikiri umeinamisha kichwa juu ya sufuria ya sombe inayochemka, na hakuna mtu wa kukuondoa pale. Mchana joto lilifika digri 38, lakini jua si peke yake, kuna maji ndani ya hewa, yanatoka baharini. Unavaa shati kavu, nyuma ya dakika kumi unaweza kulikamua. Hata bomba la maji ya baridi linatoa maji ya moto, kwani matanki yako juu ya nyumba, jua linayapika mchana kutwa. Ukitaka kuoga maji ya baridi, unayachota usiku na kuyaweka chumbani penye mashini ya kupoza hewa. Ndivyo tulivyofanya.

Juu ya jasho lile, mashati yalikuwa kazi. Siku ya pili mjomba akanitupia yake matatu: "Fua hizi." Mimi nikataka kumchekesha, nikamwambia: "Mjomba, ku shule mimi sifue. Niko na mtumwa wangu." Wasomaji wote wanajua maana ya neno hilo bwenini kwetu, sina haja ya kulieleza. Mjomba hakucheka. Alinipa sabuni.

Mji wenyewe ni mzuri, sitasema uongo. Milima yake ni mawe matupu, myeusi, haina hata mti mmoja, na chini yake nyumba ni nyeupe zote, nyingi fupi, kama mtu amemwaga chumvi kandokando ya makaa. Mbele ya jumba la Sultani kuna boma mbili juu ya majabali, Jalali na Mirani, zilizojengwa na Wareno katika karne ya 16. Tuliona pia Msikiti Mkubwa wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Wageni wasio Waislamu wanaruhusiwa kuingia asubuhi. Ndani kuna zulia moja linalofunika chumba kizima cha sala, uzito wake tani 21. Mjomba aliuliza bei yake. Ndiyo tabia ya wafanyabiashara.

Jambo moja lilinishangaza: mchana mji unakufa. Saa saba maduka yanafungwa, watu wanapotea, na nyuma ya jua kushuka wote wanatoka, watoto, wazee, mama na mashungi yao, wanatembea kando ya bahari hata saa sita ya usiku. Sheria yao inakataza watu kufanya kazi juani toka saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu, katika mwezi wa 6, wa 7 na wa 8. Mimi sikuijua. Tena nilikuwa na kiburi kidogo: mtoto wa Kasongo, jirani ya Ekwata, ataogopa jua gani? Siku ya tatu, saa saba, mjomba amelala, nikatoka kutembea Mutrah kwenye barabara ya bahari. Nilihesabu labda mita mia tano. Kisha masikio yakaanza kulia, mawe ya milima yakaanza kuogelea, nikakaa chini kando ya ukuta. Waliokuwa pale kivulini walikuwa wafanyakazi wa barabara, watu wa Bangladesh, wamelala juu ya makartoni wakingoja saa ya kazi. Mmoja wao akaniinua, akanivuta kivulini, akanipa maji yenye chumvi na sukari katika chupa yake mwenyewe, akanifunga kichwa kwa kitambaa chake kilicholowa. Hatukuwa na lugha moja hata kidogo. Nilipotaka kumpa pesa akacheka, akanionyesha chupa: kunywa tena.

Ijumaa tulikwenda kusali. Ndiyo, Ijumaa, kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko kule, na Wakristo wageni wengi wanakusanyika siku hiyo. Kanisa la Waprotestanti liko mtaa wa Ruwi, juu ya kiwanja walichopewa na Sultan Qaboos. Nyuma ya ibada mzee mmoja wa kanisa, Mhindi, alituuliza kama joto linatusumbua. Nikamweleza habari ya ukuta. Akasema: "Hukuwa wa kwanza." Ndipo alitusimulia habari ya Askofu Thomas Valpy French, Mwingereza, aliyefika Maskati mwanzoni mwa mwaka 1891, ana miaka 66, bila shirika la kumsaidia, apate kuhubiri. Mwezi wa 5 joto lilimuua. Kaburi lake liko katika hori ndogo kati ya majabali, unafika kwa mashua.

Halafu akatueleza jambo lingine. Mwaka 1896 Waingereza waliwatoa watoto wa kiume 18 katika jahazi la watumwa, watoto weusi wa Afrika, wakawakabidhi kwa misionari mmoja Mmarekani, Peter Zwemer. Akawaweka nyumbani mwake palepale Maskati, akawafundisha kusoma na kazi za mikono. Yeye mwenyewe aliugua, akafa mwaka 1898. Watoto 18. Nilitaka kujua majina yao na mahali walipotoka. Mzee hakuwa nayo.

Sasa lazima niseme kwa nini habari hii ilinichoma. Sisi watu wa Kasongo tunajua lugha yetu ilifika namna gani. Kiswahili hakikuletwa na vitabu. Kilikuja na misafara ya Tippu Tip na wenzake, iliyotafuta pembe na watu, na Kasongo palikuwa mji wao mkubwa mpaka mwaka 1893 majeshi ya Wabelgiji walipowafukuza. Mama yake Tippu Tip alikuwa wa jamaa ya Waarabu wa Maskati. Nkambo wangu alipokuwa akitukanya tusitembee usiku hakutaja simba. Alisema: "Utafungwa kamba." Yeye mwenyewe alisikia vile kwa nkambo wake.

Kesho yake tulikuwa katika soko la Mutrah, ndani ya vichochoro vile vinavyonuka ubani, mjomba ananusa chupa moja moja. Tulikuwa tukibishana bei kwa Kiswahili, tukifikiri tumejificha ndani ya lugha yetu. Ghafla nyuma yetu sauti: "Msimpe hiyo pesa, wanangu, anawazidishia." Tuligeuka. Mama mzee sana, mweupe, amevaa shungi, ameketi kwenye kiti mbele ya duka la mwanawe. "Mwatoka wapi?" Mjomba akajibu: "Congo, mama." "Congo wapi?" "Maniema. Kasongo."

Mzee huyo alipiga mikono. "Kasongo! Babu yangu mzaa baba alikaa Kasongo!" Akatukalisha, akaagiza kahawa na halua. Alizaliwa Unguja, akakimbia nyuma ya mapinduzi ya 1964, na alihamia Maskati nyuma ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alipowafungulia mlango Waomani wa Afrika warudi. Aliniambia nimwite bibi. Nikaona haya, maana kwetu bibi ni mke wa mtu. Alipojua sababu alicheka mpaka akapangusa macho. Kikombe chao cha kahawa ni kidogo kama yai, na usipokitikisa wanakumiminia tena. Mimi sikujua. Nilikunywa sita.

Nilikuwa na kikombe cha sita mkononi nilipomuuliza: "Bibi, babu yako alifanya biashara gani kule Kasongo?"

Nilijua jibu. Nilitaka aseme yeye. Mjomba alinikanyaga mguu. Mwanawe aliyekuwa akipanga chupa alisimama. Yule mama alinitazama muda mrefu, hakukasirika, akaweka birika chini. "Pembe," akasema. "Na watu. Baba yangu hakupenda tuitaje, lakini mimi nimezeeka, nitamficha nani?" Kisha akaniuliza: "Na kwenu, walichukuliwa?" Nikasema ndiyo. Akasema: "Pole, mwanangu," na tukabaki kimya wote wanne, na sokoni watu wakaendelea kupita. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia pole kwa jambo lile. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine mengi, na sikupata pahali pa kuyaweka. Tulipoaga alinifungia ubani katika karatasi, akakataa bei.

Usiku tuliketi mjomba na mimi kando ya bahari, joto bado, ukuta wa mawe tuliokalia ulikuwa kama jiko lililozimwa sasa hivi. Nilingoja anikaripie. Alisema polepole: "Kuuliza haikuwa mbaya. Lakini ulimuuliza kwa kumuaibisha, nilikuona usoni." Nikajibu kwamba ni haki yetu, kwamba watoto 18 wale hata majina hayajulikani. Mjomba akavua miwani, akaipangusa kwa shati ambalo mimi nilikuwa nimelifua. "Na ule mutoto anakufulia ku shule, ule unasema ni mutumwa wako. Jina yake nani?"

Nilifungua kinywa. Mwaka mzima mtoto yule alinichotea maji kisimani, alifua, alipanga kitanda changu mbele ya kengele. Nilijua kwamba anakohoa usiku. Nilijua ana ndoo ya buluu. Jina nilikuwa sijui. Tunawaita "wee mdogo", na wanaitika wote.

Tulibaki siku tatu zingine. Tulinunua tulivyokuja kununua, mjomba alipata faida, na pulova ilirudi Kindu bila kuvaliwa.

Jumamosi ya kwanza ya masomo nilishuka kisimani na ndoo yangu mwenyewe. Yeye alikuwa pale, sasa wa mwaka wa pili, na ndoo ya buluu. Aliponiona alitupa kamba, akasimama wima. Nikamwambia: "Usiogope. Nataka kujua tu unaitwa nani." Alitazama kalamu katika mfuko wa shati langu, kalamu hiihii ambayo naandikia majina ya wenye kuazibiwa, nanyi wote mnaijua. Alifikiri kidogo. Kisha akanitajia jina la mwanafunzi mwingine.