Ubao wa Kwanza

Mpwa wangu alinijia Ijumaa moja baada ya sala, akaniamkia, akaketi barazani, akawa hasemi. Kijana akiketi mbele ya mjomba wake bila ya kusema, fahamu kwamba ana haja, na haja yenyewe ni ya fedha. Nikamwacha amalize kahawa yake. Alipokiweka kikombe chini akasema, macho yakiwa sakafuni:

"Mjomba, nataka kununua ubao."

"Ubao wa mlango au wa dari?" nikamuuliza, kwa kuwa mamake alikuwa katika ujenzi.

"Wa baharini, mjomba. Ubao na tiara yake."

Nilicheka, kisha nikaona kuwa yeye hacheki. Alikwisha kutumika misimu miwili ya kusi kwa watu wanaofundisha wageni mchezo huo Paje. Kazi yake ilikuwa kuzijaza tiara upepo kwa pampu, kuzishika mpaka mwenyewe awe tayari, na kukimbilia mbao zinazochukuliwa na maji. Jioni, wageni wakishaondoka, alikuwa akiazimwa vifaa kwa nusu saa, na kwa nusu saa hizo ndivyo alivyojifunza. Sasa alitaka chake mwenyewe, apate kuzoea mpaka naye afundishe. Anayefundisha hulipwa, anayejaza upepo hupewa kitu kidogo.

Nami fedha nilikuwa nazo. Sitaficha: zilikuwa za diwani. Kwa miaka saba nilikuwa nikiweka kidogo kidogo ili nichapishe tungo zangu kwa gharama yangu mwenyewe, kwani kila aliyepata kujaribu visiwani anajua kuwa mchapishaji wa mashairi ni yule mshairi. Mswada ulikuwa tayari ndani ya bahasha. Nikamwambia mpwa wangu anipe wiki mbili, niende Paje nikaone kwa macho yangu kitu hicho ambacho beti zangu zinatakiwa zikipishe njia.

Kwanza nilijishughulisha na jina, kama ilivyo ada ya watu wa maneno. Vijana wa Paje husema kaiti. Sisi utotoni tulirusha tiara za karatasi na vijiti vya makuti juu ya mapaa ya Ng'ambo, na kamusi zinatupa pia kishada na burutangi. Nikaamua kubaki na tiara, maana ingawa hii ya sasa ina ukubwa wa tanga la ngalawa, kazi yake ni ile ile: kumwonyesha mtoto nguvu za kitu asichokiona. Walioigeuza ikafaa baharini ni ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walioiandikia hati ya uvumbuzi mwaka 1984. Fikra yao ilikuwa kuipa tiara mirija ya kujazwa hewa, ili ikianguka majini ielee na iweze kuruka tena. Ilichukua zaidi ya miaka kumi dunia kuwasikiliza. Mwaka 2024 mchezo uliotokana na kazi yao uliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, na mashindano yake yakafanyika katika bahari ya Marseille.

Ndugu msomaji anayeijua Paje hahitaji kuambiwa kwa nini upepo huu umepata makao pale. Mwamba umeikinga pwani kwa mbali, na ndani yake kuna maji mapana, ya kina kidogo, yenye mchanga chini. Kusi ikishika, tangu Juni mpaka Septemba, huvuma kwa ubavu wa pwani ikielekea kidogo nchi kavu. Kaskazi ya Disemba hadi Februari nayo hufanya hivyo kwa upande wa pili. Anayeshindwa kurudi kwa ufundi wake hurudishwa na upepo. Lakini maji hayo hayo yana wenyewe wa zamani zaidi ya tiara. Tangu mwaka 1989 kinamama wa Paje na Jambiani wanalima mwani humo, na mmoja wao ni dada yangu.

Nilimkuta anaanika. "Kaka," aliniambia kabla sijakaa, "kama umekuja kwa habari ya ule ubao, usimnunulie."

Hakuwa na chuki na mchezo. Alikuwa na kisa. Msimu uliopita mtu mmoja anayejifunza alichukuliwa na upepo hadi shambani kwake maji yakiwa nusu. Mapezi ya ubao yakapita juu ya kamba tatu zilizojaa mwani wa kuvunwa. Kamba zikakatika, mwani ukaenda na mkondo, na hakuna aliyekuja kumwambia hata pole. Kilimo chenyewe kimekwisha kuwa kigumu: ule mwani wenye bei nzuri, ambao wakulima huuita kotonii, unakufa kwa sababu maji yamezidi joto, na uliosalia hulipwa kidogo. "Sasa niambie," akasema, "mwanangu naye awe miongoni mwa wanaonipita juu ya kichwa?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kumtafuta fundi wa kijijini, kijana aliyefundisha miaka mingi, nikamwomba anieleze kama anavyomweleza mtoto. Hapo nikagundua kwamba anayeanza hupotezwa na macho yake. Hutazama rangi, na kinachomfaa ni uzito wake mwenyewe na upepo wa pwani yake. Marehemu baba, aliyevua kwa ngalawa maisha yake yote, alikuwa akituambia kuwa tanga hukatwa kwa kuutazama upepo na kifua cha baharia. Fundi alisema hayo hayo kwa tarakimu. Mpwa wangu ana kilo 65. Kwa kusi ya Paje, ambayo siku nyingi huwa baina ya noti 15 na 20, tiara ya mita 9 au 10 za mraba inamtosha. Kubwa zaidi itamburura. Ubao wake uwe wa kati ya sentimita 138 na 145 kwa urefu, na upana usipungue 42. Mwenye ujuzi hupenda ubao mfupi na mwembamba unaogeuka upesi. Anayeanza anahitaji mrefu na mpana, kwani huelea mapema, husamehe makosa, na humrudisha juu ya upepo bila ya kudai nguvu nyingi.

Akanionyesha pia ubao wa mchezo ulio ndugu wa huu, ule wa kuvutwa kwa kamba nyuma ya boti. Kwa umbo ni wa ukoo mmoja, ncha zake mbili zikifanana, ila kule mguu hufungwa ndani ya kiatu na huku huvishwa mkanda tu, ili mtu aanguke na kutoka. Kanuni ya anayeanza ni moja kwa wote wawili: mrefu kuliko wa bingwa, na wa kujifunzia kabla ya wa kujionyesha.

Kisha akanieleza kamba, na hapo nikasahau kwamba nilikuja kwa shingo upande. Tiara hushikwa kwa kamba nne, kila moja ya mita ishirini na kitu. Mbili za katikati hubeba uzito, mbili za pembeni huongoza. Zote lazima zikubaliane urefu kwa namna inayotakiwa. Moja ikivutika kwa sentimita chache, tiara nzima hupinda upande na haisikii mkono. Nikamwambia kuwa sisi tuna ubeti wa mishororo minne, na mshororo mmoja ukizidi mizani sikio hulijua kosa kabla ya akili. Akacheka. "Basi mjomba, utaweza kununua."

Sikuweza. Wiki iliyofuata tulipata habari mjini ya mtu anayeuza vifaa kamili kwa bei ya chini sana. Tuliviona: tiara nyekundu yenye mistari ya dhahabu, ubao unaong'aa, na mkanda wa kiunoni ambao haukuwa na doa. Vifaa vipya kamili hupita dola 2,000 kabla ya usafiri na ushuru. Hivi vilikuwa chini ya robo ya hiyo. Mpwa wangu alikuwa na macho ya mtu aliyekwisha kuruka. Mimi nilikuwa nikihesabu moyoni ni kurasa ngapi za diwani zitakazosalimika. Muuzaji alituruhusu kuvichukua kwa siku moja ili vikatazamwe, kwa amana.

Tukavipeleka Paje, na dada akatukuta tumezitandaza kamba uani. Alisimama kimya. Kisha akachuchumaa, akashika ncha ya kamba ya kwanza, akaanza kuipitisha baina ya kidole gumba na cha shahada, polepole, kama afanyavyo kila bamvua kwa kamba za shamba lake. Ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Katika ya tatu mkono wake ukasimama.

"Hii imeliwa," akasema.

Sikuona kitu. Aliigeuza kwenye mwanga, na ndani ya ule msuko mwembamba nyuzi zilikuwa zimekatika karibu nusu. Hatua chache mbele palikuwa na fundo dogo, limekazwa hata limekuwa gumu kama punje ya mchele. Akatutazama. "Mnataka kumtundika mwanangu hapa?"

Fundi alipofika alimaliza kazi aliyoianza dada. Tiara ilikuwa ya zamani, ya kabla ya ule mtindo ulioenea tangu 2005 hivi, unaomwezesha mtu kusukuma fimbo mbele na tiara ikaumwaga upepo karibu wote. Hii ingeendelea kuvuta. Kifyatulio cha dharura, ambacho mtu hukivuta ili ajitenge na tiara, kilikuwa kimeganda kwa chumvi na mchanga. Kitambaa nacho, tulipokikunja, hakikutoa ule mlio wa karatasi mpya. Kilikuwa laini kama kanga kuukuu, jua limekwisha kukila. Wahenga walisema rahisi huwa ghali, nami niliyeitumia methali hiyo katika tungo zangu mara mbili nilikuwa karibu kuinunua. Tukavirudisha vifaa. Muuzaji alirudisha amana pungufu, na tukaona hilo ni jambo la kushukuru.

Baada ya hapo tulinunua kama wanunuavyo watu wazima, kwa vipande na kwa subira. Mkanda wa kiunoni, kofia ngumu na fulana ya kuelea tulivinunua kwanza, na mkanda tuliununua baada ya yeye kuuvaa na kuning'inia nao kwenye boriti ya ukumbi, maana unaopanda mpaka mbavuni haumfai aliyeuvaa. Ubao na tiara tulivisubiri hadi mwisho wa kusi. Wakati huo wanaofundisha pwani hupunguza vifaa vya msimu ili walete vingine, na faida ya kununua kwao ni kwamba mpwa wangu alizijua tiara zile moja moja: ipi ilishonwa, ipi ilianguka juu ya mwamba, ipi haikupata ajali. Aliyoichagua ilikuwa na kiraka kimoja na rangi iliyofifia. Tuliijaza upepo asubuhi, tukaiacha kivulini, na adhuhuri ikawa bado ngumu. Mipira ya ndani na vali zake zilikuwa nzima. Tulizifunga kamba nne kwenye mnazi, tukazivuta kwa pamoja, zikakubaliana. Ubao tuliutazama pembeni na kwenye matundu ya skrubu, ambako nyufa huanzia. Kisha vyote vikapelekwa kwa dada, akazipitisha kamba vidoleni kwake, zote nne, mwanzo hadi mwisho. Hakusema kitu. Alizikunja vizuri akampa mwanawe.

Lakini alikuwa na sharti, na alilitoa mbele yangu ili niwe shahidi. Maji ya Paje, alisema, yana zamu. Bamvua yakipwa, na tofauti ya kupwa na kujaa hufika mita nne hivi, mwani hukaribia jua na kinamama huingia kufunga na kuvuna. Wakati huo tiara isionekane juu ya mashamba. Yakijaa, mwani umelala chini kabisa na kinamama wako majumbani. Hapo atembee atakavyo, ila kwa kuzunguka vigingi. Na akimwona mgeni anachukuliwa kuelekea shambani, la mtu yeyote, amfuate na kumtoa. Kijana akakubali. Nilimsikia baadaye akiwafundisha wenzake zamu hiyo kana kwamba imeandikwa mahali.

Diwani haikutoka mwaka ule. Bahasha iko kabatini, na nimekwisha kuanza tena kuweka kidogo kidogo. Nikisema siumii nitakuwa nasema uongo. Lakini mwezi Julai uliofuata nilikwenda Paje nikafika maji yamepwa. Dada alikuwa mbali, ameinama na wenzake, kanga zao zikipepea juu ya maji ya magotini. Mpwa wangu alikuwa amekaa mchangani kando ya ubao wake, tiara imelazwa na kuwekewa mchanga, upepo mzuri wa kusi ukimpita bure.

"Huingii?" nikamuuliza.

"Bado, mjomba," akasema. "Namngoja mama atoke."