Hospitali Iliyo Katikati ya Nyota



Wapendwa wanaparokia, juma hili naomba niwasimulie habari za muuguzi mmoja miongoni mwetu, ambaye ameniruhusu kufanya hivyo kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala hospitali anakofanya kazi. Wengi wenu mnamfahamu kwa sura. Ndiye yule anayeingia Misa ya kwanza ya Dominika akiwa bado amevaa sare nyeupe ndani ya sweta, ametoka moja kwa moja katika zamu ya usiku, na ambaye mara nyingine husinzia wakati wa mahubiri. Mimi humwacha asinzie. Kama mahubiri yangu yamempatia usingizi mtu aliyekesha akihudumia wagonjwa, basi hayakupotea bure.

Ni mwaka wa 16 sasa tangu aanze utume huu wa uuguzi, na miaka ya hivi karibuni ameitumikia wodi ya wanawake. Usiku huanza kwa kukabidhiwa zamu kitanda kwa kitanda: huyu ana homa, huyu dripu yake inakaribia kuisha, yule ndugu zake hawajaonekana tangu juzi. Mara nyingi wauguzi ni 2 na wagonjwa 38. Ni kupima presha na joto, kugawa dawa za saa 6 usiku, kuwageuza wasioweza kujigeuza ili wasipate vidonda vya mgongo, kubadili mashuka, kumsikiliza mtu ambaye usiku ule haumwi kitu kingine ila hofu, na kisha kuyaandika yote hayo katika faili, maana kisichoandikwa huhesabiwa kuwa hakikufanyika.

Na katika mkoba wake, pembeni ya bakuli la chakula, hakukosi kitabu. Si kitabu cha uuguzi, wala si riwaya ya mapenzi. Ni hadithi za kubuni za kisayansi: vyombo vinavyovuka anga, sayari zenye jua mbili, viumbe wasio na mikono wala macho.

Mama yake mzazi alikuja ofisini kwangu kumshitaki. “Baba Paroko,” alisema, “mwambie binti yangu aache vitabu vya mashetani ya angani, ashike rozari.” Nilimweleza yule mama kwamba rozari binti yake anayo, nimeiona. Nikamweleza pia habari za Bruda Guy Consolmagno, Mjesuiti aliyekiongoza Kituo cha Unajimu cha Vatikano, yaani cha elimu ya nyota, tangu mwaka 2015 hadi 2025, ambaye kabla ya kuingia utawani aliwahi kuja Kenya kama mfanyakazi wa kujitolea na kufundisha fizikia. Yeye mwenyewe hasiti kusema kwamba alivutwa kwenda kusoma katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, na maktaba yake kubwa ya hadithi za namna hii. Mama hakuonekana kuridhika sana, ila aliondoka kwa amani.

Kwa kuwa nilikuwa nimemtetea mtu kwa vitabu ambavyo sikuvisoma, niliona ni haki niviazime. Alinipatia kimoja kilichochakaa, alichokinunua kwa wauza vitabu vya mitumba, cha mwandishi aitwaye James White. Huyu alikuwa Mkatoliki wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 1999. Alitamani kuwa daktari, lakini kwao hapakuwa na fedha za masomo, akaishia kufanya kazi katika maduka ya nguo kwa miaka mingi. Udaktari alioukosa aliuandika. Kuanzia mwaka 1957 alibuni hospitali iliyo katikati ya nyota, yenye ghorofa 384, inayopokea wagonjwa wa kila namna: wanaopumua klorini, wanaoishi majini, wanaoishi katika baridi ambayo ingetugandisha sisi mara moja. Hata mji wake ulipoanza kuraruliwa na mapigano mwishoni mwa miaka ya 1960, Wakatoliki na Waprotestanti wakiuana mtaa kwa mtaa, aliendelea kuandika juu ya hospitali hiyo isiyomwuliza majeruhi alikuwa upande gani.

Kilichonishika zaidi ni utaratibu wa mapokezi. Kila mgonjwa hupewa herufi 4 zinazoeleza umbile lake. Sisi binadamu ni DBDG. Kabla ya kumgusa mgonjwa ni lazima zijulikane herufi zake, kwa maana zinaeleza anapumua hewa gani, anahitaji joto kiasi gani, anakula nini. Wakikosea herufi, watamwua kwa ukarimu wao wenyewe. Tena daktari anayetaka kumtibu kiumbe wa kabila nyingine huingiziwa akilini kumbukumbu zote za tabibu wa kabila hiyo, na kwa muda anaishi na nafsi mbili, hata chakula chake alichokipenda jana kinamtia kichefuchefu leo. Ni gharama ya kumjua mgonjwa kutoka ndani.

Nilipomrudishia kitabu nilimwuliza muuguzi wetu kama husoma hayo ili kuisahau wodi. Alicheka. “Baba, nikitaka kuisahau wodi nalala.” Kisha akanisimulia kisa hiki.

Katika mwaka mmoja mgumu aliletwa bibi wa Kimaasai, mgonjwa wa kifua, asiyejua neno la Kiswahili. Aliyemleta alikwisha kuondoka. Kila alipowekewa mrija wa oksijeni puani, aliuchomoa. Faili lake lilikwisha kuandikwa: mgonjwa hana ushirikiano. Kidoleni alibanwa kile kifaa kidogo kinachopima oksijeni katika damu kwa kupitisha mwanga mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho. Kanuni yake ilibuniwa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, katika miaka ya 1970, na hakuna mgonjwa anayechomwa sindano kwa ajili yake. (Muuguzi wetu hukiita kifaa hicho ushahidi wake mbele ya mama: kwamba mambo ya hadithi huja yakawa kweli.) Kifaa kilisoma asilimia 82. Mtu mzima wa afya husoma 95 au zaidi. Mwenzake, aliyechoka sawasawa naye, alishauri bibi afungwe mikono kitandani.

“Nikajiuliza, Baba, huyu ni herufi gani? Anapumua hewa gani?”

Saa 8 za usiku alishuka getini akamwita mlinzi, kijana wa Kimaasai, aje wodini na rungu lake. Kijana alichuchumaa kando ya kitanda, akamwita koko, yaani bibi, wakasemezana kwa muda mrefu. Kisha akainua kichwa: bibi anasema mrija ule unamnyonya pumzi. Alikwisha kumwona mgonjwa wa kitanda jirani akiwa na mrija kama huo, na alfajiri akafa. Basi mlinzi aliuchukua mrija, akauelekeza kwenye shavu la bibi, ili ausikie upepo ukija kwake. Bibi aliugusa upepo ule kwa vidole. Halafu akauvaa mwenyewe. Baada ya siku 6 alirudi nyumbani.

Si kila usiku huisha hivyo, wala yeye hasemi hivyo. Juma lile lile walifariki 3, mmoja wao msichana wa miaka 19, na wakati huo muuguzi alikuwa amekwisha kuandika barua ya kuacha kazi, amebakiza kuipeleka kwa matroni.

Ana malalamiko yake juu ya waandishi wa nyota. Katika hadithi zao mashine hufanya kila kitu, madaktari hupata heshima zote, na hakuna anayemwaga beseni la haja. Nami nina langu: wengi wao humweka mtu wa dini ama mjinga ama mkatili, jambo linalochosha kulisoma. Kwa upande wangu nilimwazima Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi wa Kenya iliyotoka mwaka 1995, ambamo mtu aliyehukumiwa anarushwa mbali na nchi yake na kujikuta katika nchi ngeni kabisa. Jina la nchi hiyo ukilitamka polepole linasema wale ni sisi. Aliisoma kwa zamu 2.

Sasa ninasoma kitabu chake cha pili. Kati ya ukurasa wa 60 na 61 nilikuta karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye tarehe ya mwaka ule wa yule bibi. Ni ile barua. Nilimpigia simu kumwuliza kama nimrudishie. Alijibu kwamba niiache pale pale, ni alama nzuri ya ukurasa, na nisichelewe na kitabu, kwa sababu Alhamisi anaingia usiku.