Goma: vyuma vinainuliwa, mwili hauongezeki

Vijana wengi wa Goma wanainua vyuma kila jioni, wamoja vya simenti waliyomimina wenyewe ndani ya makopo. Miezi inapita, mikono inabaki vile vile, wenzao wanawacheka. Basi wanaongeza mazoezi, kumbe shida iko kwenye sahani. Kijana akisukuma chukudu mchana kutwa, kisha akala bugali na sombe mara moja tu usiku, mwili unaweza kuchoma hata misuli yake. Misuli inajengwa kwa maharagi, sambaza za ziwa Kivu na usingizi. Lakini yule wa familia iliyokimbia vita anawagawia wadogo zake sahani hiyo moja. Kukonda kwake si uvivu. Ainue siku mbili tatu kwa juma, apumzike, na wenzake wasimcheke.