Kumfuata Kijana Mlimani

Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu yanapotoka, sharika zetu hujaa furaha. Kijana huitwa mbele ya madhabahu, wazazi husimama pamoja naye, mchungaji humwombea, kwaya huimba, na mchango hupitishwa ili apate nauli na godoro. Jumapili inayofuata hayupo. Tunamtaja katika sala ya Kanisa pamoja na wenzake, "vijana wetu walioko vyuoni", kisha tunamngoja hadi Krismasi. Katika miezi hiyo yote, ni nani miongoni mwetu ajuaye analala wapi, anakula nini, na moyo wake unasumbuliwa na maswali gani?

Tunaandika habari hii kwa ridhaa ya wazazi na kijana wao, ambao majina yao hatutayataja. Tumeiandika kwa sababu tunaamini ziko familia nyingi katika Kanisa letu zinazobeba mzigo kama wao.

Sisi tunaofundisha katika chuo cha theolojia husaidia pia huduma katika sharika za jirani. Usharika tunaouhudumia uko upande wa mashariki wa Mlima Meru. Jumatano moja ya Kwaresima, baada ya ibada, mama mmoja alibaki kanisani hadi watu wote wakatoka. Akasema, "Baba Mchungaji, mwanangu hapigi tena simu. Nikimpigia anasema yuko salama, halafu anakata. Na baba yake hataki hata nimtaje."

Kijana yule alikuwa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akisomea jiolojia, yaani elimu ya miamba. Usiku wa Krismasi, familia ikiwa mezani, alimwuliza baba yake: kama dunia iliumbwa kwa siku sita, mbona miamba inaonyesha umri wa mamilioni ya miaka? Baba, ambaye ni mzee wa kanisa na mtu mwenye msimamo, alimjibu, "Mambo hayo yaache hukohuko chuoni." Kijana akanyamaza. Siku ya pili yake hakwenda ibadani, na alipofunga safari ya kurudi chuoni aliaga mama peke yake. Mkopo wa serikali haukutosha ada yote, na salio lilikuwa la baba kulipa. Baba alikuwa ametangaza nyumbani kwamba hatauza ng'ombe ili mtoto akajifunze kumkana Mungu. Mitihani ilikuwa inakaribia.

Tulimwendea mzee nyumbani. Hatukumhubiria. Tulimwomba kitu kimoja tu: kwamba kabla ya kuamua lolote, twende tukamwone mtoto kwa macho. Alikataa. Mama akasema yeye ataenda hata akiwa peke yake. Ndipo mzee akainuka kutafuta koti lake la safari.

Tulipanda basi Usa River alfajiri, watatu, na kapu la ndizi na maparachichi miguuni mwa mama. Kutoka huko hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600: Moshi, Same, Korogwe, Segera, Chalinze, Kibaha. Mzee alikaa dirishani, akazungumza habari za mvua na mahindi ya watu tuliowapita. Jina la mtoto hakulitaja. Tulifika jioni kituo kikuu cha mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, tukalala kwa ndugu yao Kimara.

Asubuhi tuliingia kwenye foleni ya mwendokasi. Mabasi hayo yalianza kazi Mei 2016, yakiwa na njia yao wenyewe katikati ya Barabara ya Morogoro, na vituo vilivyoinuliwa ili abiria aingie bila kupanda ngazi. Njia za awamu ya kwanza, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi yake, zina urefu wa karibu kilomita 21 kwa jumla. Ni msaada mkubwa kwa jiji lile, ila saa moja asubuhi mtu huingia akiwa amebebwa na wenzake. Kwetu mzee ana nafasi yake kanisani na hakuna anayeikalia. Pale hakuna aliyemjua. Alisukumwa, akashika bomba la juu kwa mikono miwili, kofia ikakaa upande.

Mama alisoma jina la kituo cha kwanza akacheka: Korogwe. Vituo vichache mbele tukafika Kibo. "Jana tumepita Korogwe, tumeacha Kibo nyuma," akasema, "na bado havijatuachia!" Abiria waliokuwa karibu wakacheka naye. Kijana mmoja aliyekuwa na mkoba wa vitabu aliondoa vidude vya muziki masikioni, akainuka. "Shikamoo, babu. Kaa hapa." Mzee akaketi, akamwuliza kama anasoma. Kijana akajibu kwamba yuko chuo kimoja mjini, huamka saa kumi na moja ili awahi usafiri, na nyumbani kwao hajafika mwaka wa pili sasa kwa sababu nauli ni kubwa. Mzee akamtazama muda mrefu. Tuliposhuka Ubungo alisema, kama anayejisemea mwenyewe, "Na yule naye ana baba mahali fulani."

Pale Ubungo barabara zimepandana, moja juu ya nyingine, na mgeni hajui ageukie wapi. Tulimwuliza mama aliyekuwa akiuza maandazi, akatuelekeza zilipo daladala. Konda akaiona kola yetu, akaita, "Baba Mchungaji, njooni, Chuo hicho, siti zipo!" Siti haikuwepo hata moja. Tulisimama tumeinama, kapu likipitishwa juu ya vichwa vya watu hadi likafika salama kwa dereva. Gari likapanda kilima.

Watu wa Dar es Salaam hupaita pale Mlimani. Chuo kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na kikahamia kilimani mwaka 1964. Siku hizi ni kama mji: Ukumbi wa Nkrumah wenye paa lake la mawimbi, maktaba mpya iliyozinduliwa Novemba 2018, mabweni yaliyozinduliwa Aprili 2017 yenye nafasi za wanafunzi 3,840, na tumbili wanaorukaruka mitini wakivizia chakula cha watu. Mama alilikumbatia kapu lake.

Tulipokuwa tukingoja chini ya mti, tulikumbuka habari ya Luka sura ya pili. Wazazi wa Yesu walimpoteza mtoto wao kwenye mji mkubwa, wakatembea na kurudi, wakamtafuta siku tatu. Walimkuta hekaluni, amekaa katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Luka anasema wazi kwamba hawakuelewa aliyowaambia, na kwamba mama yake aliyahifadhi moyoni. Mara nyingi tunapoisoma habari ile tunamtazama mtoto mwenye hekima. Siku ile tuliwaona wazazi: miguu yenye vumbi, hofu, na hasira kidogo. Wao ndio waliorudi njia yote kumfuata.

Kijana alikuja amekonda. "Shikamoo baba. Shikamoo mama. Shikamoo Mchungaji." Baba aliitikia marahaba huku akitazama chini. Mama akamenya ndizi, akampa, akampa nyingine. Tukakaa hivyo, wanne kwenye benchi moja, na hakuna aliyejua aanzie wapi. Kijana alikuwa ametoka darasani, na mkononi alikuwa na jiwe jeusi lenye vitundu.

Baba akanyoosha mkono. Akalichukua lile jiwe, akaligeuzageuza. "Hili ni kama la shambani kwetu."

"Ndiyo baba. Ni la volkano."

"Mawe haya yanatuvunjia majembe. Yametoka wapi?"

Kijana akaanza kueleza, kwanza kwa woga, kisha kwa mikono miwili. Alisema Mlima Meru zamani ulikuwa mzima, na kwamba upande wake wa mashariki uliporomoka, ukamwaga miamba na udongo mbali sana kuelekea Kilimanjaro. Maziwa ya Momella yamekaa juu ya kifusi hicho, na mawe ya shambani kwao ni sehemu ya maporomoko hayo. Baba alikuwa ameyalima mawe yale miaka hamsini, na hakuna aliyewahi kumweleza.

"Babu yangu," akasema mzee polepole, "aliyavunja mawe haya kwa nyundo. Ndiyo msingi wa kanisa letu."

Kijana hakuwa akilijua hilo. Akanyamaza kidogo, kisha akatabasamu. "Kwa hiyo kanisa letu limesimama juu ya mlima ulioanguka."

Baba akamrudishia jiwe. "Yale uliyoniuliza Krismasi, niulize tena."

Aliuliza tena. Mzee akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Jibu silijui. Tumwulize Mchungaji, tumsikilize wote."

Tulisema yale tunayowafundisha wanafunzi wetu. Kwamba Kanisa limelijadili swali hili tangu kale. Agostino, askofu wa Afrika ya Kaskazini, aliandika kitabu kizima juu ya Mwanzo zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, na hakuona lazima kuzihesabu zile siku sita kama siku zetu za saa. Aliwaonya Wakristo wasije wakasema ovyo habari za mbingu na nchi mbele ya watu wanaozijua, wakaidhalilisha imani. Luther, kwa upande wake, alizisoma kuwa siku za kawaida. Wote wawili waliungama Mungu mmoja, Muumba wa vyote. Tukaongeza kwamba Matengenezo ya Kanisa yalianzia kwa mwalimu wa chuo kikuu, na kwamba mwaka 1524 Luther aliwaandikia viongozi wa miji ya Ujerumani akiwahimiza wafungue shule. Kanisa lenye historia hiyo halina sababu ya kumwogopa mtoto anayeuliza.

Kijana alitushukuru. Kisha akasema ukweli wake: "Bado sijui, Mchungaji. Lakini nimefurahi mmekuja." Hatukumlazimisha aseme zaidi. Tuliomba pamoja, kwa ufupi. Yeye hakufumba macho, ila alishika mkono wa mama yake hadi Amina.

Wiki iliyofuata ng'ombe aliuzwa, na salio la ada likalipwa. Kijana sasa humpigia baba yake simu, na mara nyingi mazungumzo yao ni ya mawe na mvua. Kwenye Meza ya Bwana hajarudi bado. Hatuna mwisho mwingine wa kuwapa wasomaji wetu, kwa sababu Mungu bado anafanya kazi yake, na sisi hatujui saa yake. Tunachojua ni kwamba kijana ana baba tena, na baba ana mtoto. Anayemwombea mtoto wake akiwa amempa kisogo huomba kwa shida sana. Mzee alituambia hivyo mwenyewe, na kwamba sasa anaomba na usingizi unakuja.

Katika Matendo ya Mitume, Filipo alitumwa kwenye barabara ya jangwani. Alimkimbilia mwenzake aliyekuwa safarini, akapanda garini mwake, akaketi pamoja naye. Alianzia kwenye kile ambacho mtu yule alikuwa anakisoma tayari. Mzee wetu naye alianzia kwenye jiwe ambalo mwanawe alikuwa ameshika.

Washarika wapendwa, wengi wetu hufika Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza au Mbeya kwa harusi, kwa matibabu na kwa biashara. Wapo vijana wetu katika miji hiyo. Usharika unaweza kuweka daftari lenye majina yao, chuo na namba ya simu, na kila anayesafiri alitazame kabla ya kufunga mzigo. Nauli ya daladala si kubwa. Ukifika, usianze kwa kuuliza anasali wapi. Mpelekee kitu cha nyumbani, mwulize anasoma nini, kisha umwache akufundishe. Akiuliza swali gumu, huhitaji kuwa na jibu. Mwambie mtalitafuta pamoja. Na yule aliyeacha kupokea simu ndiye wa kuandikwa wa kwanza katika daftari hilo.