Mbuni wa Bukoba na Ndugu Zake

Mgeni afikapo Izigo, kusini ya mji wa Bukoba, huona mibuni imesimama kati ya migomba. Mti huo si mgeni katika nchi ile. Wahaya walikuwa nao kabla ya Wazungu kufika. Wazee walichemsha matunda yake pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakayakausha, wakawapa wageni wayatafune. Tena, watu wawili walipochanjiana damu, walikula buni mbili zilizotoka katika tunda moja.

Siku za Wadachi kulikuwa na mtaalamu, Albrecht Zimmermann, katika chuo cha Amani kilichofunguliwa mwaka 1902 huko Usambara. Aliuchungua mbuni wa Bukoba, akauhesabu kuwa aina mpya, akauita Coffea bukobensis.

Kweli, mbuni huo si arabika. Majani yake ni makubwa zaidi, tena yamekunjamana kidogo. Matunda yake ni madogo ya mviringo, nayo husongamana mengi pamoja. Ya arabika ni marefu kidogo. Yakiiva hukaa mtini, lakini ya arabika huanguka upesi. Arabika hujizalisha kwa unga wa maua yake yenyewe. Mbuni wa Bukoba hutaka unga wa mti mwingine, kwa hiyo miche yake hailingani na mama yao.

Walakini, ndugu za mtu hawajulikani kwa kumlinganisha na jirani mmoja tu. Wataalamu walipoulinganisha mti huo na mibuni ya Kongo na Uganda, waliona kuwa ni aina moja, nayo ilikwisha kupewa jina la Coffea canephora mwaka 1897. Kwa sheria yao, jina lililotangulia ndilo lidumulo. Basi jina la Bukoba likaachwa, na watu wengi huiita kahawa hiyo robusta.

Jambo hili si la vitabu tu. Mkulima achanganyaye buni za arabika na robusta katika gunia moja huharibu bei ya zote mbili. Mtoto wa Izigo na achume jani na tunda la kila mti, aviweke pamoja, avitazame bila haraka. Tena asione haya kubadili neno lake akiona alikosea, maana hata wenye elimu kubwa walifanya hivyo.